Kamba Juu ya Hodhi

Tamiyo alikuwa mfupi, na watu hawakumwacha asahau hilo. Siku alipoletwa bibi harusi kutoka bondeni kuja milimani Yoshino, wifi yake Hatsue alimtazama kuanzia utosini hadi vidoleni, kisha akasema wageni wote wakisikia, "Kaka, tulikutuma mke, wewe umetuletea birika?" Watu wakacheka mpaka sake, pombe yao ya mchele, ikamwagika. Tamiyo naye akacheka, angefanya nini, lakini neno lile halikumtoka moyoni.

Mumewe Isokichi alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kila mlango, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Asubuhi husema "baridi", jioni husema "chai", na hapo katikati ni kazi. Walipompata binti yao, Sachie, akaanza kumwita mkewe "Mama Sachie", na hata Sachie alipoolewa akahamia Osaka, jina likabaki hilo hilo. Jina lake Tamiyo alilisikia kwa watu wengine tu.

Kazi yao ilikuwa karatasi, kama nyumba zote za kitongoji kile kando ya mto. Ila wengine walitengeneza karatasi ngumu za milango na miavuli. Nyumba ya Isokichi ndiyo pekee iliyobaki ikitengeneza ile nyembamba, ambayo ukiilaza kiganjani unaiona mistari ya kiganja chako chini yake. Wanawake waliipenda kwa kujifutia mafuta ya uso, na pale nyumbani mtu akijikata kidole alibandikwa kipande, damu ikakatika. Lakini wenyewe hasa wa karatasi ile walikuwa mafundi wa kupaka mabakuli urushi, ule utomvu mweusi wa mti. Utomvu hutoka mtini na vumbi lake na vipande vya gome. Fundi huufunga ndani ya karatasi, akasokota ncha zote mbili kama pipi, na yale matone yanayopenya ndiyo safi. Karatasi ikiwa nene mahali, utomvu hukwama. Ikiwa dhaifu mahali, hupasuka na uchafu wote ukarudi bakulini. Kwa hiyo haitakiwi uzuri wala weupe. Inatakiwa iwe sawasawa kote, basi.

Kazi ya Tamiyo ilikuwa ya mwanzo na ya mwisho. Mwanzo, gome la mforosadi likishachemshwa kwa maji ya majivu, yeye ndiye aliyechutama mtoni wakati wa baridi, akichambua doa moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Mwisho, karatasi zikishabanwa maji yakatoka, ndiye aliyezibandua na kuzilaza juu ya mbao kwa brashi ya manyoya ya farasi, ili zikauke juani. Katikati, penye hodhi, palikuwa pa Isokichi. Yeye ndiye aliyechota. Ndani ya hodhi la mti mlikuwa na maji, nyuzi za gome zilizopondwa, na mlenda wa mizizi ya mmea fulani ambao ni ndugu yake bamia. Bila mlenda nyuzi huzama na karatasi hugandana. Isokichi alitumbukiza kiunzi chenye mkeka wa vijiti vya mwanzi, akakitikisa mbele na nyuma, akakiinua, na pale mkekani palibaki kitu chepesi kama utando wa maziwa.

Kiunzi kile ni kizito kikijaa maji, kwa hiyo huning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye mwanzi unaonesa chini ya dari. Na hapa pana desturi. Katika kitongoji kile hodhi moja lina kamba moja, na kamba ni ya mtu mmoja. Siku mtu anaporithi hodhi, kamba hupimwa kwa kimo chake. Ikichakaa hubadilishwa kwa urefu uleule, na hakuna mwingine anayeirefusha wala kuifupisha maadamu mwenyewe yu hai. Akifa, ndugu huishusha wakaichoma pamoja na udi. Ndiyo maana watu wa pale wakitaka kusema mchotaji fulani amefariki, husema tu, "Wameshusha kamba."

Mwaka mmoja, majani yalipokuwa yakipukutika, Isokichi alianguka ghalani. Kiharusi. Alipoamka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimemsaliti, na mdomo umepinda. Maneno machache aliyokuwa nayo yakawa machache zaidi, na kila moja lilitoka kwa jasho. Walimlaza chumba cha pili kutoka karakana, mlango wa karatasi katikati. Tamiyo akamlisha uji wa mchele uliopikwa kwa chai, akamgeuza, akamwosha, na gome la mwaka ule likabaki limetundikwa chini ya paa bila mwenyewe.

Baada ya mwaka mpya akaja Nagamine, fundi wa urushi kutoka ng'ambo ya mlima, mteja wao wa siku zote. Alimjulia hali mgonjwa, akaonja chai yake, kisha akawa anaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Mama Sachie, nisikufiche," alisema. "Wenzangu wote siku hizi wanachuja kwa kitambaa cha kiwandani. Mimi tu ndiye mkaidi. Lakini hata mkaidi lazima awe na karatasi mkononi."

"Anayechota amelala, baba."

"Na wewe umesimama."

Tamiyo alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki.

"Plamu zikichanua mwisho wa baridi nitarudi," Nagamine akaendelea. "Nikikuta karatasi, nachukua, na mwakani nakuja tena. Nisipokuta, itabidi na mimi nikajaribu hicho kitambaa chao. Na mtu akishazoea kitambaa, mama, harudi."

Alipoondoka, Tamiyo alikaa akiitazama karakana. Hodhi lisilo na mteja hukauka, na hodhi la mti likikauka mbao huachana. Huo ndio mwisho wake. Isokichi alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Tamiyo alijiuliza likifa hodhi huyu mwanamume atakuwa anaamkia nini kila asubuhi, na yeye mwenyewe je? Akafunga kilemba, akalipima gome, akawasha moto. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi.

Siku ya kwanza aliposimama kwenye hodhi na maji yakaanza kulia, sauti ilitoka chumba cha pili, nzito, imepinda.

"Acha."

"Niache nini?"

"Hodhi... langu."

"Hodhi lako liko palepale, hakuna aliyeliiba."

Alipofungua mlango amchungulie, alimkuta amegeukia ukutani. Uchungu ulimpanda Tamiyo kifuani. Miaka yote hiyo amemchambulia gome majini, leo amekuwa mwizi! Akaufunga mlango kwa nguvu, akarudi kuchota kwa hasira, na karatasi inayochotwa kwa hasira, jamani, haifai hata kufungia figili.

Lakini hasira zilipopoa karatasi haikupona. Aliinua moja kwenye mwanga: upande wa mbali naye ilikuwa nyembamba kama hewa, upande wa kwake ilikuwa nene na yenye mawingu. Nyingine, vilevile. Hakuhitaji mwalimu wa kumwambia sababu. Kamba ilipimwa kwa kimo cha Isokichi. Kiunzi kilichomfika mumewe kiunoni, yeye kilimfika kifuani. Alilazimika kuinua viwiko, ukingo wa kwake ukainama, na maji yote yakateremkia upande wake.

Dawa ilikuwa nyepesi kuliko kuchemsha chai: kuirefusha kamba, kiunzi kishuke. Na dawa hiyo ndiyo iliyomtia baridi mgongoni.

Hatsue alikuja kesho yake na bakuli la figili za chumvi. Hata kabla ya kuvua viatu, macho yalishapanda juu darini.

"Hujaigusa?"

"Sijaigusa, wifi."

"Afadhali. Usije ukamzika kaka yangu na uji bado uko mdomoni."

"Wifi, kamba iko juu, mimi niko chini. Nifanyeje?"

"Refuka."

"Unacheka."

"Sicheki!" Hatsue akaliweka bakuli chini. "Wewe hukuwepo, ulikuwa bado kwenu. Mke wa Yosuke wa kule juu aliishusha kamba ya mumewe. Homa tu alikuwa nayo yule bwana, homa ya kawaida. Mke akasema nichote siku mbili tatu, akipona nitairudisha. Asubuhi yake Yosuke hakuamka. Nilikuwa mtoto, nilimwona kwa macho yangu. Nina kaka mmoja tu mimi."

Tamiyo angependa kusema ni bahati mbaya tu, homa ni homa. Lakini mtu hakai milima ile miaka yote hiyo asiingiwe na imani za pale, na kila alipoikazia macho kamba ile alihisi kana kwamba ni yenyewe iliyomshika mumewe duniani. Karatasi, au Isokichi. Aliwaza hivyo hivyo, bila kuzungusha, na alijichukia kwa kuwaza.

Akatafuta njia ya tatu. Ghalani palikuwa na sanduku la mbao la kuwekea matunda ya kaki. Alilipindua mbele ya hodhi, akapanda juu yake, na mara ya kwanza maishani akaiona karakana kwa macho ya mtu mrefu. Kiunzi kikakaa kiunoni. Karatasi ya kwanza ilikuwa afadhali, ya pili afadhali zaidi. Alichota akihema, akijisemea, ona birika lilivyopanda juu ya jiko. Lakini mchotaji hasimami tuli; anatakiwa asogeze miguu, mbele na nyuma, pamoja na maji. Na mlenda ukimwagika hauna adabu. Ulitiririka ukingoni, ukalijaza sanduku utelezi. Alipokuwa anakiinua kiunzi kimejaa, sanduku likaenda upande wake na yeye upande wake, na Tamiyo akaingia hodhini mzima mzima, kilemba na vyote.

Baridi ya maji yale haisemeki. Alitoka akikohoa, nyuzi za gome zimemjaa nywele, goti limechubuka, na kazi ya siku nyingi imetibuka kuwa tope. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa. Kwa nini asilie? Plamu zilikuwa zimeshatoa matumba.

Hakusikia mlango ukifunguliwa. Alichosikia ni kitu kinachokokotwa. Isokichi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anajivuta kwa mkono wa kushoto, mguu ukimfuata nyuma kama wa mtu mwingine. Uso ulikuwa mwekundu kwa juhudi.

"Baba Sachie! Unafanya nini? Rudi kitandani!"

Hakurudi. Alilifikia sanduku, akalisimamisha, akashika ukingo wa hodhi, akajiinua mpaka akakaa juu ya sanduku. Tamiyo alikimbia kumshika asianguke, na wakati amemkumbatia kiunoni kwa nguo zake zinazochuruzika maji, alimwona anaunyoosha mkono mzima juu, akauvuta mwanzi chini, akaliingiza fundo la kamba mdomoni. Alilitafuna. Alilivuta kwa meno yale ya upande uliobaki hai, mate yakimtoka, mpaka fundo likalegea.

"Usifanye hivyo!" Tamiyo alipiga kelele, akimvuta mkono. "Unajizika mwenyewe, wewe mwanamume? Acha kamba! Mimi sitaki karatasi, sitaki kitu, nakutaka wewe!"

Hakuwahi kusema neno kama hilo maisha yake yote. Wazee wa pale hawaambiani mambo hayo, hata kwenye sherehe. Isokichi aliitema kamba, akamtazama kwa muda, maji yakichuruzika kutoka nywele za mkewe mpaka magotini mwake.

"Simama," akasema.

"Nini?"

"Simama... vizuri. Nipime."

Akasimama. Isokichi akakishika kiunzi, akakisogeza kiunoni mwa mkewe, juu kidogo, chini kidogo, macho ameyafinya vilevile kama zamani alipokuwa akipima mlenda. Akaitikia kwa kichwa kwamba hapo. Kufunga fundo kwa mkono mmoja hakuweza. Akaushika mwisho mmoja wa kamba, Tamiyo akaushika mwingine, wakalifunga pamoja, wakagombana lipite juu au chini.

Usiku ule mtu hakulala. Tamiyo alimsikiliza anavyopumua mpaka jogoo wa jirani alipowika, na kulipokucha Isokichi alifungua jicho, akasema, "Baridi," na mkewe akatoka nje kwenda kulia tena, safari hii kwa furaha.

Tangu hapo kila asubuhi alimkokota hadi karakana, akamkalisha na blanketi kando ya hodhi. Isokichi hakuwa mwalimu mpole. Alipiga ubao wa hodhi kwa kiganja cha kushoto, mapigo ya maji yanavyotakiwa kwenda, na mkewe akikosea alisema "Mbaya". Karatasi baada ya karatasi, mbaya. Tamiyo naye hakunyamaza.

"Mbaya, mbaya! Huna neno lingine?"

"Mbaya... sana."

Lakini alicheka kwa mdomo wake uliopinda, na siku moja, akiiangalia karatasi mbichi kwenye mwanga wa dirisha, hakusema kitu. Tamiyo alisubiri. Akachota nyingine, mumewe hakusema kitu tena. Kwa mtu kama Isokichi hiyo ni hotuba.

Plamu zikachanua. Asubuhi moja jua lilikuwa zuri, Tamiyo akampeleka mumewe nyuma ya nyumba, akamkalisha kwenye benchi na bakuli lake la uji wa chai na figili zilizobaki za Hatsue, yeye akaanza kulaza karatasi juu ya mbao. Wakati huo huo Hatsue, ambaye tangu siku ile hakukanyaga pale, akaingia kwa mlango wa mbele na figili zake. Akaita, kimya. Akafungua chumba cha mgonjwa: matandiko yamekunjwa, hakuna mtu. Moyo ukampasuka. Akakimbilia karakana, akainua macho, na kamba haikuwa tena kwenye kimo cha kaka yake: ilikuwa imeshushwa.

Kilio alichokitoa kilisikika ng'ambo ya mto. "Kaka! Kaka yangu! Wameshusha kamba!" La mgambo likilia kuna jambo. Watu waliacha hodhi zao, wakaacha moto, wakaja mbio njiani wakivaa nguo nyeusi, mwingine kashika tasbihi, mwingine mafungu ya udi. Nagamine, aliyekuwa ndiyo kwanza anateremka mlimani, aliona msafara ule, akavua kofia, akajiunga nyuma kwa huzuni. Wakaingia nyumbani, wakaikuta kamba, wakainama mbele yake. Kisha mtu mmoja akauliza maiti yuko wapi, wakazunguka nyuma ya nyumba.

Isokichi alikuwa anatafuna figili. Aliwatazama wote, nguo zao nyeusi, udi wao unaofuka, na Hatsue aliyeshikiliwa na wanawake wawili.

"Nani... kafa?" akauliza.

Mzee mmoja akaanguka kwa kicheko, na wote wakafuata. Hatsue tu ndiye hakucheka. Alimvamia kaka yake akampiga mgongoni kwa tasbihi, akimwita mshenzi, mpumbavu, mzee asiye na haya, na machozi yakimtiririka mpaka shingoni. "Tangu lini?" akauliza. "Kamba imeshushwa tangu lini?" Alipoambiwa ni tangu plamu zilipokuwa matumba, akakaa chini nyasini, akampapasa Isokichi goti, kama anayehakikisha. "Na yuko hai," akasema. "Tazama, anakula figili zangu."

Nagamine hakuwa na muda wa kicheko kirefu. Alitoa kwenye kifurushi chake kopo dogo la utomvu na bakuli. Aliibandua karatasi moja iliyokauka ubaoni, akailaza kiganjani, akaigeuza kwenye jua. Watu wakamzunguka. Tamiyo alikuwa ameshika brashi yake kwa mikono miwili kama rungu. Fundi akamimina utomvu, akakunja, akasokota ncha. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha tone, jeusi na safi, halafu jingine, kisha uzi mwembamba unaong'aa ukashuka bakulini bila kukatika, kutoka pande zote za karatasi sawasawa. Akaendelea kusokota mpaka mwisho. Karatasi haikupasuka.

"Zote nachukua," alisema Nagamine. "Na mwakani?"

"Mwakani zipo," akajibu Tamiyo.

"Basi niambieni kitu kimoja, maana leo nimechanganyikiwa na misiba yenu. Mwakani nikija, kwenye hodhi hili niulizie nani?" Akamgeukia Isokichi, kwa kuwa ndiyo adabu.

Isokichi aliliweka bakuli la uji chini, taratibu. Mdomo ukahangaika, ukakosea mara ya kwanza, ukarudi tena.

"Tamiyo," akasema. "Muulizie Tamiyo."

Hatsue akaguna, akafuta pua, akaokota brashi iliyoanguka miguuni mwa wifi yake, akampa.